Poti Tuliyomfungulia Shemeji

Aliyenipigia simu kuniambia Mama Keji amefariki hakunipa hata nafasi ya kufuta machozi. "Candiru," alisema, "ile kamera ya sebuleni bado inaona?" Alikuwa binti wa ukoo wa marehemu mume wa Mama Keji, mtu mzima, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua avae nini. Nikamwambia kamera ile ilishushwa zamani, aende msibani kwa amani. Nikakata simu, nikakaa sakafuni katikati ya duka langu, kati ya maboksi ya nyaya, nikalia kwa sauti. Wateja wakaniangalia, na mimi sikuwajali.

Watu wa Arua, mji wetu huku Uganda, wamenisema miaka yote kwamba ni mimi niliyeweka jicho la mwanaume katika nyumba ya mjane. Ni kweli, niliweka. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikatoboa ukuta mwenyewe, nikafungua poti, ule mlango wa intaneti, kwenye ruta kwa vidole hivihivi. Wanaosubiri niombe radhi wataota mvi. Nimeombwa na wengi nisimulie ule mwaka kwa upole, nikasema sawa, nitasimulia, lakini upole watautafuta kwa mwingine.

Nilikuwa nimemaliza shule juzi tu, nimepata kazi kwa fundi mmoja aitwaye Drani, ambaye alikuwa anafunga kamera na intaneti majumbani. Mama Keji alinipa chumba cha nyuma katika nyumba yake pale mtaa wa Oli, upande wa kushuka mtoni, nami nikawa namsaidia kuchota maji na kupika. Hatukuwa ndugu. Yeye alikuwa Mkakwa wa Koboko, mume wake Mlugbara wa hapohapo, na kwa vile mume alikuwa mwanajeshi maisha yake yote, lugha ya nyumba ile ilikuwa Kiswahili cha kambini, kile ambacho mtu wa pwani akikisikia anashika kichwa. Mimi nilikipenda. Mama Keji angeweza kukutukana kwa Kiswahili kile mpaka ukacheka, halafu akakupakulia chakula. Tulikula sebuleni, enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, pamoja na osubi, majani ya kunde aliyoyaunga kwa simsim ya kusaga, yaani ufuta. Mlango wa mbele ulikuwa wazi mchana kutwa. Nilipojaribu kuufunga kwa sababu ya vumbi alinikemea: "Wacha! Mlango ikifungwa, watu natunga hadithi."

Katika sebule ile palikuwa na kiti cha mume wake, kiti cha mbao chenye mikono mipana, kimefunikwa kitambaa cheupe alichokidarizi yeye. Hakuna aliyekikalia. Mume alikuwa ameshazikwa nje, nyuma ya jiko, lakini matanga yalikuwa hayajamalizwa, na katika ukoo ule kiti cha mwenye nyumba hakikaliwi mpaka wazee wamalize matanga, wakitoe nje wenyewe, na kumtaja mrithi mbele ya watu. Hata paka akipanda, Mama Keji alimshusha. Nilikuwa nafagia kukizunguka kwa heshima, ingawa mwenyewe sikuwahi kumwona aliyekikalia akiwa hai.

Shida ilikuwa Andama, mdogo wa marehemu. Alifanya biashara Juba, ana gari, ana tumbo, ana maneno. Muda mfupi baada ya mazishi, nami nimeshahamia, alikuja kutaka kumrithi Mama Keji kama mke, kwa desturi ya zamani, na mimi nilikuwa jikoni nikisikia kila kitu kupitia dirisha. Mama Keji alimjibu polepole kabisa. "Andama, mimi nilipenda ndugu yako. Wewe mimi nakusalimia tu." Loo! Nilitaka kupiga vigelegele jikoni peke yangu. Andama akaondoka bila kunywa chai. Lakini hakuwa mjinga. Wazee wa ukoo walikuwa wameshasema wazi: mjane asiyetaka kurithiwa atakaa katika nyumba ya mume wake, hakuna wa kumgusa, ila akiingiza mwanaume mwingine mle ndani, atarudishwa Koboko kwa kaka zake na nyumba itarudi kwa ukoo. Mama Keji hakuzaa; Keji lilikuwa jina lake mwenyewe. Nyumba ile, lile kaburi nyuma ya jiko na kile kiti ndivyo vitu alivyokuwa navyo. Andama akaelewa kwamba alichohitaji ni mwanaume mmoja tu wa kuonekana mlangoni.

Kwa hiyo akampigia simu Drani, bosi wangu, naye Drani akaweka spika ili aendelee kumenya waya. Mimi nilikuwa pale, nafunga maboksi. "Nataka kamera mbili," Andama alisema. "Moja getini, ingine sebuleni, na ikamate sauti pia. Na mimi hapa Juba nataka kuona kwa simu yangu. Mwanaume akiingia ile nyumba, nataka kuona sura yake kabla hajakaa." Drani akacheka kile kicheko cha fundi aliyepata kazi. "Hiyo iko ndogo, bosi. Tunafungua poti kwa ruta, wewe nafungua simu, naona." Kisha akanigeukia akasema, "Candiru, si wewe nakaa kule? Kazi yako hiyo." Hakujua, au alijua na hakujali. Nilitoka nje nikapiga teke kopo la rangi mpaka likavuka barabara.

Nilimwambia Mama Keji palepale nilipofika. Alikuwa anachambua majani ya kunde, na hakuacha kuchambua. Nikamweleza yote, kwamba watamwambia ni kwa ajili ya wezi wa Oli, lakini wanayemwinda ni yeye. Nikamweleza na mpango wangu. "Mama, kazi nitaifanya mimi. Nikikosea namba moja tu, poti haitafunguka. Atasumbuka weee, mwisho atachoka."

"Halafu?" akauliza.

"Halafu basi, hataona kitu."

"Halafu ataleta fundi ingine. Mutu hajakula na mimi, hajui mimi. Hapana, binti yangu. Weka. Weka vizuri, isikatike hata siku moja. Mimi hapana mwizi, nijifiche kwa nyumba yangu sababu gani?" Akatupa vikonyo kwenye beseni. Halafu akauliza swali ambalo mafundi wengi wa mji ule hawajawahi kuulizwa na mteja. "Huo mlango wa kwa ruta, mutu moja tu ndiyo napita?"

Nikamweleza kadiri nilivyoelewa mwenyewe wakati ule. Ruta ni mlinzi wa geti. Waliomo ndani akiwatuma nje, anawaruhusu, na jibu lao likirudi anawapelekea. Lakini mgeni anayebisha kutoka nje bila kuitwa, mlinzi anamfukuza. Kufungua poti ni kumwambia mlinzi: mtu akibisha kwa namba hii, usimfukuze, mpeleke moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodia kamera. Na mlinzi yule hana akili ya kuuliza wewe ni wa ukoo gani. Mwenye anwani ya nyumba kwenye intaneti, namba ya poti na paswedi, anapita.

"Kumbe," Mama Keji akasema. "Basi kaka yangu Lemi pia iko na simu."

Hapo ndipo nilipompenda yule mama moja kwa moja. Nilifunga kamera zile mbili kama nafunga za kwangu. Ya sebuleni niliiweka kwenye kona, juu ya kabati, inaona mlango, meza na kiti cha marehemu bila kizuizi. Ruta ilikaa juu ya kabati hilohilo, kwenye kitambaa cha kufuma. Niliingia kwenye kurasa zake kwa kompyuta ya kazini, nikaandika namba ya poti, nikaandika anwani ya ile mashine, nikahifadhi. Drani akaja kukagua. Akafungua simu yake, picha ikatokea, Mama Keji akaonekana amekaa na kikombe chake. Drani akapiga makofi, akampigia Andama. Andama akafungua huko Juba, kimya. Akajaribu tena, kimya. Matusi aliyotupa siku ile sijawahi kuyaandika na sitaanza leo. Tulikuwa tumefanya kosa la kijinga: simu ya Drani ilikuwa imeunganishwa na waifai ya nyumba, yaani alikuwa ameshaingia ndani ya geti, halafu anashangilia kwamba mlinzi amemruhusu. Poti inajaribiwa kutoka nje. Mama Keji akaniambia, "Kama ni nje, enda Koboko. Beba na hii simsim, peleka kwa Lemi."

Nikaenda. Lemi, kaka yake mkubwa, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, fundi wa baiskeli, na boma lake lilikuwa karibu na barabara ya kwenda mpakani, ambako malori ya Sudan na ya Kongo yanapita yakitikisa vikombe mezani. Walinipa samaki wa kukausha kwenye mchuzi wa simsim ileile niliyobeba. Tukajaribu kwa simu yake, ikakataa. Nikampigia Drani, na kwa mara moja katika maisha yake Drani akaona aibu, akaenda ofisi ya kampuni ya intaneti kuuliza. Kumbe nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa zimewekwa nyuma ya anwani moja ya pamoja, kwa hiyo mgeni anayebisha alikuwa hafiki hata kwenye geti letu. Drani akawang'ang'ania mpaka wakatupa anwani yetu peke yetu. Tulikuwa bado tunakula Lemi alipogusa tena kioo cha simu, na dada yake akatokea. Amekaa Oli, mlango wazi, anakula peke yake, anatafuna polepole.

Lemi akaweka tonge chini. "Kwa hivyo huyu mutu iko Juba naangalia dada yangu anakula." Alitaka kupanda gari palepale akang'oe kila kitu. Nikampa simu aongee na dada yake, na nilimsikia Mama Keji kutoka pale nilipokaa. "Lemi, kaa chini. Wewe pia angalia. Siku moja itafaa." Lemi akanawa mikono. Hakumaliza chakula.

Kulikuwa na kazi moja imebaki. Umeme wa Arua unajulikana, na kila ukikatika na kurudi, ruta iligawa anwani za ndani upya, mashine ya kamera ikapewa nyingine, na poti ikawa inaelekea pasipo na mtu. Andama akipiga kelele Juba, mimi nilishughulika Oli, mpaka nikaifungia mashine ile anwani yake isiyobadilika. Tangu siku hiyo haikupotea tena. Mama aliniambia isikatike, na haikukatika.

Andama naye akafurahi mno, na furaha ilimharibu. Aliona kuangalia peke yake hakutoshi, kwa sababu siku mwanaume akiingia angehitaji mashahidi. Akawagawia wazee wa ukoo anwani na paswedi, kila mzee mwenye simu nzuri au mwenye mjukuu wa kumshikia simu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Adriko wa Mvara, mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa. Basi wazee wakaangalia. Waliona nini? Walimwona Mama Keji anafagia. Walimwona anasaga simsim. Walimwona anafuta mikono ya kile kiti kwa kitambaa chenye maji, kila asubuhi, bila kukosa. Na walimsikia, maana alianza kuongea na kamera. Akitoka chumbani anasimama chini yake, anapandisha uso. "Habari ya Juba, shemeji? Mimi nimeamka. Leo mimi napika maharage." Siku za mvua alisema, "Wazee wa Mvara, funikeni kifua." Nilikuwa nacheka mpaka naumia mbavu. Sokoni mke wa mzee mmoja alinisimamisha akaniuliza Mama Keji anaweka nini kwenye osubi hata inakuwa nzito vile. Wanawake wote wa ukoo walikuwa wanaangalia pia!

Lakini nisiseme ilikuwa mchezo. Jioni, akidhani niko chumbani kwangu, nilimsikia analia jikoni, kwa sababu jikoni hakukuwa na kamera. Aliacha kuvua kitambaa cha kichwa sebuleni. Aliacha kuimba. Nilimkuta siku moja amesimama nyuma ya jiko, mkono juu ya kaburi la mume wake, anasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yako nanichosha." Nilimwambia nizime. Aligeuka kwa hasira sijapata kuiona. "Nikizima, nimekubali kuwa mimi iko na kitu cha kuficha. Nataka kufia hapa, Candiru. Nataka kulala karibu na huyu. Usizime." Niliapa moyoni kwamba mama huyu atazikwa pale, hata kama ni mimi nitakayechimba.

Mwanaume hakutokea. Miezi ikapita, Andama akachoka kusubiri, akafunga safari mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa Ediofe, bado na nguo za kanisani. Tuliposhuka boda tukakuta gari lake getini. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu hawaamini: alikuwa amewapigia wazee wote asubuhi ile akawaambia, fungueni simu zenu, leo namaliza jambo. Kwake kamera ilikuwa ni yake na wazee walikuwa ni wake. Akaingia, akaangaza sebule nzima, halafu akavuta kile kitambaa cheupe, akakitupa chini, akakaa kwenye kiti cha kaka yake. Akakunja nne, uso kwa uso na kamera.

"Mimi leo niko mwenye nyumba," akasema. "Keji, chagua. Uwe mke yangu, ao fungasha vitu."

Mama Keji hakumwangalia yeye. Aliangalia kitambaa chini. Mimi nilikuwa nimeshanyakua mwiko mezani, nao haukuwa wa kupikia kwa dakika ile. "Toka kwa hiyo kiti," Mama Keji akasema. Andama akainuka nusu, akamshika mkono, akamvuta. "Wewe unaniamuru mimi?" Nikapiga ukelele. Na hapo simu ya Andama ikalia mfukoni. Akaiacha. Ikakatika, ikalia tena. Akaitoa kwa hasira, na kwa majivuno yake akaweka spika, nadhani alitaka sisi wanawake tusikie wazee wanavyomsifu.

"Andama." Ilikuwa sauti ya Mzee Adriko. "Ondoka kwenye kiti cha ndugu yako."

"Mzee, mimi nilikuwa nata—"

"Ondoka. Matanga hatujamaliza. Nani amekutaja? Mwachie huyo mama mkono. Mwaka mzima tunatafuta mwanaume wa kuingia kwa hiyo nyumba bila haya. Leo tumemwona."

Andama akasimama. Simu ikalia tena, safari hii ni Lemi kutoka Koboko. Hakuipokea. Alibaki anageuza macho, kwenye simu, kwenye kamera, kwenye simu, halafu akarukia kabati akachomoa waya wa ruta. Taa zake zikazimika. Mama Keji akacheka kwa mara ya kwanza tangu misa. "Chomoa, shemeji. Wameshaona."

Lemi na wadogo zake walifika alasiri kwa pikapu, wamesimama nyuma. Mzee Adriko alikuja na wenzake kutoka Mvara. Walikaa nje, chini ya paa la jiko, na mimi niliyepeleka chai nilisikia yote. Kwa desturi, dada akiwekewa mkono kwa nguvu, kaka zake wana haki ya kumchukua na ukoo wa mume unabaki na aibu. Lemi alisema hivyo, kwa ile sauti yake ndogo, na wazee wakainamisha vichwa. Halafu akasema, "Lakini dada hataki kurudi. Ulizeni yeye." Wakamuuliza, na yeye akajibu, "Mimi nataka kiti hii, hii nyumba, na pale nyuma kwa kaburi sehemu yangu." Matanga yakamalizwa mwaka uleule. Wazee wakakitoa kiti nje mbele ya watu, wakamtaja Mama Keji mwenye nyumba. Mwanamke! Kuna waliotema mate chini. Nikawahesabu na kuwaandika moyoni, na mpaka leo kamera zao siwatengenezei.

Siku moja baadaye Andama alimtumia Drani ujumbe kwamba poti ifungwe. Nilipomwambia Mama Keji alinyoosha mkono, akataka kompyuta. Nikamwonyesha ule mstari, namba na anwani, na alama ya kufuta. Hakuwa amewahi kushika kompyuta. Akasogeza mshale taratibu, ukaipita alama, akaurudisha, akabonyeza. "Mlango yangu, mimi ndiyo nafunga," akasema. Kamera zote mbili nikazishusha jioni ile, na akaanza kuimba kabla sijashuka ngazi.

Tumemzika juzi, nyuma ya jiko, pale alipopataka. Sebule ilijaa watu, na mimi nilikuwa nagawa chai. Andama aliingia kwa mkongojo, amekonda, macho yamefifia. Mtu akamwonyesha nafasi pekee iliyobaki, kiti cha mbao chenye kitambaa cheupe. "Mzee, kaa hapa." Andama akainua uso taratibu mpaka kwenye kona, juu ya kabati, ambako matundu ya skrubu zangu bado yapo ukutani. Akayatazama. Nikamsogezea kikombe nikamkaribisha akae. Alikunywa chai yake amesimama.